Vyumba vya Kuhesabiwa

Siku gari la vipaza sauti lilipopita kutangaza kwamba mtaa mzima utavunjwa kupisha maghorofa, ungedhani wauza saruji ndio watakaoneemeka. Wapi! Aliyeneemeka ni Chapuchapu, fundi aliyejua kujenga bila saruji.

Tangazo lilikuwa jepesi kueleweka. Kila chumba chenye mtu anayekaa ndani kitahesabiwa, na mwenye chumba atapata fidia pamoja na fleti kwenye majengo mapya. Chumba kitupu ni banda, na banda halina chake. Wathamini watapita nyumba kwa nyumba, lakini siku yenyewe haitasemwa, ili watu wasijipange. Waliotunga utaratibu huo walikaa chini ya feni wakaona wameziba mianya yote. Mtaa ukawacheka, kisha ukaenda kumtafuta fundi.

Fundi akaja na mwiko wake. Hakuchimba msingi, alikwangua ardhi kidogo tu ili mstari wa kwanza wa matofali usiyumbe. Mahali pa saruji alikanyaga udongo. Upande wa nje alipaka lipu nyembamba kama poda usoni, na hiyo peke yake ndiyo iliyoonja saruji, halafu chokaa nje na ndani. Bati kuukuu, mlango wa mbao za makasha, kwisha. Ukikitazama kutoka njiani ni chumba. Ukikiegemea, shauri yako. Kila aliyekabidhiwa aliambiwa maneno yale yale: "Usigongomelee kitu, usimwage maji karibu, na usije kusema mimi ndiye niliyekujengea. Hiki si cha kukaa. Ni cha kuhesabiwa."

Likabaki tatizo la watu wa kuweka ndani. Hapo ndipo wazee walipopata soko. Vikongwe waliosahauliwa kwenye kona za majiko ya watoto wao wakaanza kufuatwa kwa teksi. Watu walisalimiana njiani kwa kuulizana, "Huna mzee wa ziada huko kwenu?" Kinyozi alimleta babu wa mkewe ambaye hata mkewe alikuwa hamkumbuki vizuri. Mama mmoja aliazima shangazi wa mtu, akamrudisha akilalamika kwamba anakohoa mno, akaomba abadilishiwe. Wazee walifaa kuliko vijana kwa sababu hawana pa kwenda. Mthamini akija saa yoyote atawakuta. Aliyekosa kabisa ni muuza mkaa, mwanamume mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ukoo wake wote, alisema mwenyewe, ama ulishakufa ama ulishaazimwa.

Chapuchapu hakuwa na kiwanja. Alikuwa mpangaji, tena mpangaji wa kuhamahama. Kila mtaa waliohamia kodi iliwafuata nyuma kama mbwa mwenye njaa, na mkewe alishachoka kufunga na kufungua vyombo. Kwa hiyo kaka wa mkewe, mwenye ua mkubwa kando ya njia, alipomwita, alikwenda mbio.

"Shemeji," yule kaka akasema akichokonoa meno, "nijengee vinne hapa uani. Vitatu vyangu, cha mwisho chako. Fleti moja tayari, bila jasho."

"Bila jasho lako."

"Usiwe mkali, shemeji. Ila mtu wa kuweka kwenye hicho chako mtafute mwenyewe. Mimi wazee wameniishia."

Jioni alipomaliza cha nne, mkewe hakuuma maneno. "Mama yako yupo."

"Mama yangu simuweki kwenye kile kitu."

"Kwa nini? Siku chache tu. Anakuja, anahesabiwa, anarudi kwa dada yako. Kwani huko anakolala ni hotelini?"

"Mama Watoto, mimi ndiye niliyekijenga. Ninajua kilivyo."

"Basi hata ukuta wake unaujua. Mwambie asiuguse." Akaacha kukunja nguo, akamtazama. "Mimi nataka bomba ndani ya nyumba kabla sijafa. Sijakuomba dhahabu."

Akaenda kumfuata mama yake. Njiani alipanga vizuri atakavyosema: Mama, njoo ukae kwetu kidogo, kuna shughuli, halafu nitakurudisha. Maneno mafupi, yasiyo na uongo mkubwa. Lakini alipofika kwa dada yake alimkuta mama ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, godoro lake limeviringishwa nyuma ya mlango, wajukuu wanamruka kama wanaruka mtaro. Na dada yake, ambaye tangu utoto ulimi wake ulikuwa wembe, hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Karibu, fundi mkubwa! Tunasikia sifa zako. Umejengea mji mzima mpaka mabanda ya kuku. Mama yako analala na masufuria."

"Dada, nimekuja kwa—"

"Mwache," mama akasema. "Atanijengea. Aliniahidi tangu aanze kushika mwiko."

"Amekuahidi! Utajengewa lile la futi sita, mama, na hilo atalichimba mtu mwingine, maana huyu msingi hajui."

Shangazi za mume wa dada walikuwepo, wakacheka, mmoja mpaka akafuta machozi. Chapuchapu akahisi masikio yanawaka. Na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Nimekuja kumchukua," akasema. "Nimeshamjengea. Chumba chake, mlango wake, ufunguo wake. Kimekwisha."

Mama yake akasimama, akashika ukuta, akaketi tena. Halafu akamwambia binti yake kwa sauti ya chini, ya kushiba: "Umesikia? Sema tena sasa. Sema."

Angeweza kusahihisha pale pale. Angeweza kusahihisha ndani ya teksi, mama akiwa amekumbatia kifurushi chake na kumweleza dereva habari za mwanawe tangu alipoota meno. Hakusahihisha. Alijiambia kwamba atamweleza wakishafika. Walipofika, mama akapiga magoti mbele ya mlango wa mbao za makasha akapapasa kizingiti, na Chapuchapu akaona afadhali ajifanye anatafuta ufunguo.

Chumba kile kilikuwa cha mwisho kwenye mstari, kimebanana na vile vitatu vya shemeji upande mmoja, upande wa pili kikitazama choo cha uani. Mama hakukiona choo. Aliona dirisha. Alilifungua na kulifunga, akalifungua tena.

"Mwanangu, na chokaa umepiga!"

"Nimepiga, Mama. Lakini kuta bado mbichi. Usiziguse."

"Zitakauka."

"Zitachelewa. Usigongomelee kitu. Hata msumari."

"Sawa, baba yangu. Sawa."

Asubuhi ya pili alipokuwa uani kwa kinyozi, alisikia nyundo. Ko, ko, ko. Alitupa mwiko akakimbia. Alimkuta mama yake amesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa, anatundika picha ya marehemu baba yao. Msumari ulikuwa umeingia mpaka kichwani kwa mapigo machache tu, bila kujipinda, na mama alikuwa amefurahi.

"Ukuta wako mzuri," akasema. "Unapokea msumari kama siagi."

Kutoka chumba cha pili, mzee aliyeazimwa na shemeji akacheka mpaka akakosa pumzi. Watu wote wa ua ule walijua. Wazee wenyewe walijua, wameambiwa na kulipwa, walikuwa wanahesabu siku za kurudi kwao. Asiyejua ni mama yule mmoja. Wakawa wanamchezea kama watoto wanaomchezea kipofu.

"Hodi, mwenye nyumba!" alisema mmoja. "Kodi unapokea lini?"

"Mama, hiki chumba utawaachia wajukuu?"

"Nitawaachia, kwa nini nisiwaachie? Nyinyi mnacheka kwa wivu. Watoto wenu hawana mikono."

Basi wao walicheka zaidi, na shemeji kuliko wote. "Shemeji, mama yako atatuletea bahati," alimwambia Chapuchapu akimpiga bega. "Wengine wanaigiza. Yeye anaishi kabisa. Mthamini akimwona huyu, hata swali haulizi."

Wathamini hawakuja wiki ile, wala iliyofuata. Ikaja mvua.

Haikuwa mvua kubwa. Ilikuwa ile ya kunyonyota, inayoanza asubuhi na kusahau kuondoka. Maji ya paa la nyumba kubwa ya shemeji yalimwagika nyuma ya vile vyumba vinne na kusimama pale, kwa sababu fundi hakuweka mtaro. Mtaro wa nini kwa kitu cha kuhesabiwa? Chapuchapu akaanza kupita huko nyuma kila siku kabla ya kazi na baada ya kazi. Chini ya lipu, udongo ulikuwa unakunywa. Ukuta wa nyuma wa chumba cha mama yake, ule ambao kitanda kiliegemezwa, ukaanza kutoa tumbo kuelekea ndani. Ufa ukatoka kwenye kona ya dirisha, ukashuka taratibu, ukapinda kama unatafuta njia.

Alileta miti miwili akaegemeza ndani, akamwambia mama ni ya kuanikia nguo. Akafurahi, akaanika nguo. Alipotoka tu, shemeji akaingia akaing'oa.

"Unataka kutuanika, siyo?" shemeji alimfokea pembeni ya choo. "Mthamini ni mjinga? Akiona miti imeshika ukuta atauliza kwa nini. Akiuliza, atagonga. Akigonga chako, atagonga na vyangu."

"Shemeji, ule ukuta unakuja."

"Uje baada ya kuhesabiwa."

"Mama yangu analala chini yake."

"Kwani mimi ndiye niliyemlaza? Mtoe basi. Mtoe leo. Mlete mwingine." Akasubiri. "Huna? Basi tusisumbuane."

Alijaribu kumtoa. Alikwenda na maneno ya upole, akamwambia mama aje alale kwao, mvua ni nyingi, wajukuu wanamuulizia. Mama akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Mkeo ndiye aliyekutuma."

"Hakunituma mtu."

"Anakitaka hiki chumba. Nilimwona juzi anapima dirisha kwa macho. Mwambie nimelala jikoni kwa watu miaka yote hii, sasa nina mlango wangu. Nitatoka humu nimebebwa."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

Na mkewe, alipofikishiwa habari ya tumbo la ukuta, aliacha kula. Chapuchapu akadhani atasema, mtoe. Akasema, "Sogeza kitanda."

Akasogeza kitanda. Chumba kilikuwa kidogo. Kitanda hakikuwa na pa kwenda zaidi ya hatua moja.

Halafu asubuhi moja, mvua ikiwa imepumzika na jua limetoka jeupe, muuza mkaa akaja akikimbia njia nzima na kupiga kelele kwamba wathamini wamefika. Wako mwanzo wa mtaa, msichana mwenye kamera na bwana mwenye utepe wa kupimia, na wanaingia kila ua. Mtaa ukaamka kama umemwagiwa maji. Wazee wakavalishwa. Masufuria yakapelekwa kwenye vyumba ambavyo havijawahi kupikiwa. Kila mtu alikimbilia ukuta wake isipokuwa muuza mkaa, aliyekuwa na chumba lakini hana wa kuweka ndani. Mwenyewe angehesabiwa kwenye nyumba yake ya mbele.

Chapuchapu alikimbia nyuma ya vyumba. Kwa nje ukuta ulikuwa umebonyea; kwa ndani tumbo lake lilishakuwa tumbo la mwenye mimba ya kujifungua. Vipande vya lipu vilikuwa vimeanguka na vingine vilikuwa vinaanguka palepale akitazama, na nyuma ya lipu udongo ulikuwa unang'aa kwa maji. Aliweka kiganja. Ukuta ulikuwa unatetemeka. Fundi hahitaji kuambiwa maana yake.

Akaingia ndani. Mama yake alikuwa ameketi kitandani katika nguo yake ya kutokea, miguu pamoja, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Mama, toka."

"Wameshafika?"

"Toka nje sasa hivi. Ukuta unaanguka."

"Ukuta gani?"

"Huo wa nyuma yako! Toka, Mama, nakuomba."

Aligeuka akautazama, akaona picha ya mumewe imeinama kidogo. Akainuka, akainyoosha. "Unyevu tu," akasema. "Utakauka. Mkeo amekwambia unitoe wakati wa wathamini ili aandikwe yeye. Sitoki."

Na hapo Chapuchapu akasema yote. Hakuyapanga; yalitoka kama matapishi, na kwa sauti, maana alikuwa na hofu. Kwamba chumba si chake. Kwamba si chumba. Kwamba ni udongo na chokaa, hakina msingi, hakikujengwa mtu akae, kimejengwa mtu aonekane. Kwamba wale wazee wote waliokuwa wanamsalimia mwenye nyumba wameazimwa, na yeye pia ameazimwa, na wathamini wakishapita atarudishwa jikoni kwa dada. "Nilikudanganya kule kwa sababu dada alinicheka. Haya. Umeelewa? Toka."

Mkewe na shemeji walikuwa wamefika mlangoni. "Nyamaza, we mwanamume!" mkewe akamwambia kwa mnong'ono mkali. "Wako kwa kinyozi!"

Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka.

"Umefundishwa vizuri," akasema. "Mpaka machozi. Mkamwana, hongera, mwanangu umemgeuza. Lakini mimi huyu nimemzaa, najua akisema uongo. Sitoki kwenye nyumba yangu." Akakaa kitandani, tena kwa nguvu.

Angeweza kumbeba. Alimshika mkono, na yule mama, mwembamba vile, akajifunga kwenye chuma cha kitanda kwa mikono miwili akaanza kupiga mayowe ya kuuawa, na shemeji akamvuta Chapuchapu kwa ukosi mpaka nje, akimwambia wathamini wanasikia, wathamini wanasikia.

Chapuchapu akajinasua. Akazunguka upande wa choo, kwenye ukuta wa mwisho. Ule haukubeba bati. Bati lilikaa juu ya ukuta wa mbele na wa nyuma. Kati ya kuta zote nne ndio peke yake ambao ungeweza kuanguka bila kuua. Alijua hivyo kwa sababu ndiye aliyeupandisha. Akaingiza vidole vyote kwenye ufa wa pembeni, akaweka mguu chini, akavuta kuelekea kwake kwa mara moja.

Haukufanya kishindo. Uliachia kama meno ya mzee. Ukalala wote chini, mbele ya choo, na Chapuchapu akaruka pembeni, na vumbi lilikuwa dogo kwa sababu kila kitu kilikuwa kimelowa.

Kulikuwa na chumba wazi kama jukwaa. Mama yake ameketi kitandani, ameshika chuma, anatazamwa na ua mzima. Alitazama chini. Matofali yalikuwa yametawanyika moja moja, safi, hakuna hata mawili yaliyoshikana. Katikati yao ni udongo, udongo mtupu kama wa shambani. Mama akainama akauokota kidogo, akausugua kati ya vidole. Alikuwa mtu wa kulima zamani. Hakuhitaji kuelezwa udongo ni nini.

Mzee mmoja akacheka, halafu wote wakacheka, si kwa ubaya sana. Walikuwa wamesubiri siku nyingi.

Mama akachukua picha ya mumewe, akachukua kifurushi, akatoka kwa kupita pale palipokuwa na ukuta, akikanyaga matofali. Hakupita mlangoni. Alipokuwa amefika katikati ya ua, ukuta wa nyuma ukaingia ndani taratibu, ukaketi juu ya kitanda, na bati likashuka juu yake likafunika. Miguu ya kitanda ilitoka pande zote kama ya mdudu aliyekanyagwa.

Hakuna aliyesema, afadhali umemtoa. Mkewe aliketi chini akaweka mikono kichwani, akililia bomba lake. Shemeji alimpiga Chapuchapu kofi moja, akataka kuongeza, akakumbuka wathamini, akaanza kukimbia huku na huku akitafuta turubai la kuziba ule uwazi ili vyake vitatu vilivyobaki visionekane matumbo.

"Mama," Chapuchapu akasema. "Mama, twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu."

Mama akasimama na kifurushi chake, katikati ya ua wa watu, hana pa kuelekea. Kwa binti yake hakurudiki. Kule alikuwa ameondoka kichwa juu.

Na muuza mkaa, aliyekuwa ameona yote akiwa juu ya ukuta wa jirani, akashuka. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya mama yule, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mimi sitakudanganya. Nina chumba pale ng'ambo ya njia, hakina mtu. Kimejengwa na huyu huyu. Ni udongo, kinaweza kuanguka leo, kinaweza kuanguka kesho. Nataka mtu akae mlangoni mpaka hawa wapite. Wakishapita nitakutoa mwenyewe, na chakula utakula, na nauli nitakupa uende unakotaka."

"Usiende," Chapuchapu akasema. "Mama, kile ndicho kibaya kuliko vyote. Nilikijenga udongo ukiwa umeniishia, nikachanganya na majivu ya mkaa wake. Mama, sikiliza."

"Anajua," mama akasema. "Amenieleza." Akampa muuza mkaa kifurushi ashike. "Huyu angalau amesema kabla sijaingia."

Wakavuka njia. Chapuchapu akawafuata akiomba, akiahidi, akitaja jina la baba, na mkewe nyuma akimwita arudi asaidie kushika turubai. Muuza mkaa alileta kiti akakiweka kwenye kizingiti. Mama akaketi, akaipakata picha, akajifunga kitambaa vizuri. Nyuma yake ukuta wa mbele ulikuwa na ufa unaopita kidole. Chapuchapu akautazama kutoka juu mpaka chini, na kutoka chini mpaka juu, na asijue pa kuushika. Huu haukuwa na upande wa kuangukia salama. Ulikuwa umebanwa kati ya nyumba ya mbele na stoo ya mkaa, na bati zito lilikaa juu ya kuta zote.

Wathamini wakatokea. Msichana alikuwa na haraka, viatu vyake vimejaa matope.

"Chumba hiki kinakaliwa?"

"Ninakaa mimi," mama akasema.

"Muda mrefu?"

"Tangu kiishe kujengwa."

"Na mwenye nyumba ni nani?"

Mama akamnyooshea muuza mkaa kidevu. "Mwanangu huyu. Ndiye aliyenijengea."

Muuza mkaa akainama, akaona haya mpaka shingoni. Msichana akatabasamu, akasema laiti watoto wote wangekuwa hivyo, akapanga kamera. Halafu akasita. Pembeni ya mlango, mgongo wake ukiwa karibu kabisa na ukuta na mikono yote miwili imenyooshwa nyuma kama anayezuia ng'ombe, alisimama mwanamume amejaa udongo mpaka kwenye kope.

"Na huyu?"

Mama yake akamtazama, bila haraka, kutoka miguuni mpaka usoni.

"Huyo ni fundi," akasema. "Kuna kitu kimeanguka hapo kwa jirani."

"Fundi, hebu sogea," msichana akasema. "Unaingia kwenye picha."

Chapuchapu akaondoa mikono ukutani, akasogea.